Gari ya kazi ya usafi: Probox, NV200 au TownAce? Na kwa nini wenzetu wananyang'anywa?

#1 PovuSouthB
Habari zenu wadau. Nina kampuni ndogo ya usafi, huu ni mwaka wa nne. Tuko saba pamoja nami. Tunaosha sofa na mazulia nyumbani kwa watu, tunasafisha nyumba mtu akihama au akiingia, na tuna ofisi mbili za mkataba, moja Upper Hill na nyingine Westlands.

Mpaka leo mashine tunazibeba kwa teksi na boda. Mwezi uliopita niliandika kila shilingi ya usafiri kwenye daftari: 38,400. Hapo sijahesabu siku ile dereva wa teksi alipoona mashine ya kufyonza maji, ndoo nne na ngazi, akafunga buti na kuondoka. Tulibaki tumesimama kwa geti ya mteja Kileleshwa, na mteja anatutazama dirishani.

Nina akiba ya 450,000 mkononi, na 210,000 kwenye sacco. Kwenye yadi za Ngong Road nimeonyeshwa Toyota Probox ya 2017 kwa 1,150,000, Nissan NV200 kwa 1,280,000 na Toyota TownAce kwa 1,350,000. Benki imesema iko tayari kunikopesha kwa miaka mitatu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: nawajua watu watatu wa kazi hii hii waliochukua gari kwa mkopo, na wote watatu walinyang'anywa kabla ya mwaka na nusu. Wateja walikuwa nao. Je, kosa lilikuwa gari, mkopo, au nini? Niambieni mliyoyaona kwa macho yenu.

#2 DerevaWaProbox
Dada, chukua Probox. Inabeba tani nzima ya viazi kutoka Kinangop na inapanda mlima bila kulalamika. Spea ziko kila kona ya Kirinyaga Road. Mafuta inanusa tu.

#3 FundiKirinyagaRoad
@DerevaWaProbox kubeba inabeba, lakini tusimpotoshe dada. Toyota wenyewe wameipa Probox kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Ukiinua kiti cha nyuma na watu wakawa watano, mzigo unashuka hadi kilo 250. Hizo za viazi zimeongezwa springi, ndiyo, lakini breki ni zile zile na beringi za magurudumu ni zile zile. Kila wiki naletewa moja inayolia nyuma kama kinu.

Swali kwa mwenye uzi: mnabeba maji?

#4 PovuSouthB
Asante fundi. Mara nyingi tunatumia maji ya mteja. Lakini mitaa ambayo mfereji unatoka siku mbili kwa wiki, mteja anakuambia njoo na yako. Siku hizo tunabeba mitungi kumi ya lita 20.

#5 FundiKirinyagaRoad
Basi hesabu mwenyewe. Lita moja ni kilo moja. Mitungi kumi ni kilo 200 kabla hujaweka mashine, dawa, ngazi na wasichana wako watatu nyuma. Probox yako imeshajaa. Na ukifikiria kuingia kazi ya kuosha matenki ya maji au kuweka tenki lako la lita 500 ndani ya gari, hiyo ni nusu tani. Hapo tunazungumza NV200 au TownAce, Probox tuiache kwa mikutano na wateja.

#6 TenkiLaRuaka
Kuhusu tenki, mnisikilize kwa makini. Niliweka la lita 500 kwenye NV200, nikalifunga kwa mikanda miwili, nikaona nimemaliza. Siku moja natoka kazini, tenki limebaki nusu, nikaingia kona ya Limuru Road kwa mwendo wa kawaida tu. Maji yalikimbilia upande mmoja na nikasikia gari inainuka upande wa pili. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama wa mtoto anayecheza. Nilisimama kando, nikakaa dakika kumi sijashuka.

Tenki lililojaa halina shida kubwa, na tupu halina shida. Lile la nusu ndilo la kuogopa. Nilimpelekea fundi wa Kariobangi akaweka vizuizi vitatu vya bati ndani, vyenye matundu, maji yapite polepole. Tangu hapo sijasikia tena ule wepesi.

#7 Kamongo_Embakasi
NV200 shida yake injini iko chini ya kiti, unaungua makalio kwenye foleni ya Mombasa Road.

#8 FundiKirinyagaRoad
Hapana, umechanganya. Yenye injini chini ya viti vya mbele ni TownAce, ile ya cc 1500. NV200 injini yake iko mbele kama saluni, ni 1600, na inavuta kwa magurudumu ya mbele. TownAce inasukuma kwa ya nyuma. Ukitaka kufikia injini ya TownAce unainua kiti kwanza, kwa hiyo hata huduma ndogo inachukua muda.

#9 BintiRongai
Nakubaliana na fundi hapo kwa magurudumu. NV200 yangu ikijaa mzigo nyuma, mvua ikanyesha, kale kamlima ka murramu ka kuingia kwangu kananishinda. Magurudumu ya mbele yanazunguka tu na udongo unaruka. Mwenye TownAce jirani yangu anapita akinipungia mkono. Lakini NV200 ina milango ya kuteleza pande zote mbili na sakafu iko chini. Mashine ya sofa ya kilo 40 msichana mmoja anaiingiza peke yake. Hilo kwa mwaka mzima ni migongo mingi iliyopona.

#10 MgeniKutokaDar
Wakuu, huku kwetu mtu wa usafi anaanza na kirikuu, yaani Suzuki Carry, anafunga turubai na maisha yanaenda. Halafu samahani kidogo, ni "geti la mteja", siyo "geti ya mteja".

#11 DerevaWaProbox
Karibu Nairobi ndugu. Huku geti ni ya mwenye nyumba, la kwako liko Kinondoni 😂

#12 PovuSouthB
Mgeni, asante, nimesahihishwa. Kirikuu hapa tunaona zaidi Suzuki Every ile iliyofungwa. Nimeiangalia. Injini ya cc 660 ni ndogo mno kwangu kwa mitungi na watu.

Turudini kwa pesa. Benki imesema asilimia 16, broka mmoja wa yadi naye anasema ana mtu wa kunipa "lipa mdogo mdogo" kwa asilimia 16 hiyo hiyo, bila maswali mengi. Si ni sawa?

#13 Mhasibu_Umoja
Si sawa hata kidogo, na naomba usome hili mara mbili.

Chukua milioni moja, miaka mitatu, asilimia 16 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, unalipa kama 35,160 kwa mwezi. Riba yote ni kama 266,000. Ikipigwa kwa mkopo wote tangu siku ya kwanza, bila kujali umeshalipa kiasi gani, ni 160,000 mara tatu, yaani 480,000. Kwa mwezi unalipa 41,111. Tofauti ni karibu elfu sita kila mwezi kwa miezi 36, zaidi ya laki mbili. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni moja, lakini hiyo ni mikopo miwili tofauti kabisa.

Muulize mtu swali moja tu: "Nikilipa nusu ya deni leo, riba ya mwezi ujao inashuka?" Akianza kukuzungusha, umejibiwa.

Mimi naamini hao watatu wako waliangushwa na hapa. Walisikia 16, wakalipa kitu kingine.

#14 MlipwajiWaSiku90
@Mhasibu_Umoja naheshimu hesabu yako, lakini hata mkopo wa riba ndogo unakuua kama pesa yako iko kwa mtu. Mimi nilikuwa na mkataba wa jengo zima Industrial Area. Kazi nafanya kila siku, invoisi natuma tarehe 30, nalipwa baada ya siku 90. Benki inataka yake tarehe 5. Kwa karatasi nilikuwa tajiri. Kwa simu nilikuwa nakopa usiku kwenye programu za mikopo ili nilipe gari. Mwezi wa nane nikashindwa.

Kwa hiyo PovuSouthB, hizo ofisi zako mbili zinalipa baada ya siku ngapi? Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya Probox na NV200.

#15 PovuSouthB
Westlands inalipa ndani ya siku 14. Upper Hill huwa 45, na Desemba walifika 70. Sofa na nyumba ndiyo pesa ya papo kwa papo, naipata kwa M-Pesa kabla hatujapakia mashine.

#16 MlipwajiWaSiku90
Basi kwenye kuhesabu uwezo wako wa kulipa gari, Upper Hill mfute kabisa. Hesabu kana kwamba hayupo. Akilipa, weka pembeni.

#17 SaccoNiNyumbani
Kwa nini hakuna anayetaja sacco? Ana akiba ya 210,000 huko, na sacco hukopesha mara tatu ya akiba, yaani 630,000. Aende kesho achukue.

#18 Mhasibu_Umoja
Mara tatu ni sawa kwa sacco nyingi, lakini "kesho" si sawa. Wadhamini lazima, na wao wenyewe wasiwe wamejifunga kudhamini watu wengine kupita akiba yao. Akipata: 630,000 kwa asilimia moja kwa mwezi ya salio, miezi 36, ni kama 20,925 kwa mwezi. Riba yote ni takribani 123,000. Jumlisha 450,000 yake anafika 1,080,000. Probox ya yadi haijafika, NV200 haijafika. Na asitumie yote 450,000, kwa sababu kuna bima, kuna tairi, kuna mwezi wa kwanza.

#19 DerevaWaProbox
Anunue iliyotumika hapa hapa. Probox ya namba ya KCT nimeona kwa 720,000 wiki hii. Si lazima kila gari ishuke kutoka Mombasa.

#20 NilinyanganywaMimi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mmoja wa walionyang'anywa. Sijui kama ni mimi unayemzungumzia, dada, na haidhuru. Acha niseme yalivyokwenda.

Nilichukua gari ya kufunikwa, mkopo wa miaka mitatu. Miezi saba nililipa bila kukosa siku. Mwezi wa nane dereva wangu aligongwa na lori Jogoo Road, upande wa nyuma. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Nilikuwa na bima kamili, nikalala usingizi. Baada ya wiki tatu nikapata barua: gari imekatiwa bima ya matumizi binafsi, na siku ya ajali ilikuwa imebeba mashine na wafanyakazi wa biashara. Hawalipi. Wakala aliyenikatia bima alijua kazi yangu, nembo ilikuwa imebandikwa mlangoni, lakini kwenye fomu aliandika binafsi ili bei ishuke na nisimkimbie. Sahihi ilikuwa yangu.

Gari ilikaa gereji miezi miwili. Mkopo haukukaa gereji. Nikarudi kwa teksi kama mwanzo, sasa nalipa teksi na mkopo pamoja. Nikaweka logbuku ya gari ndogo ya mke wangu kwa mkopo wa laki tatu, asilimia nne kwa mwezi. Hiyo ni 12,000 kila mwezi kabla hujagusa deni lenyewe. Magari yote mawili yaliondoka ndani ya wiki moja. Mtoto wangu aliuliza kama yamepelekwa kuoshwa.

Kwa hiyo Mhasibu anasema riba, mwingine anasema wateja. Mimi nasema neno moja kwenye fomu ya bima. Soma fomu yako. Lazima iandikwe ni gari ya biashara inayobeba mali yako mwenyewe.

#21 PovuSouthB
Pole sana ndugu yangu. Si wewe niliyemfikiria, lakini nimesoma nikiwa nimesimama jikoni na chai imepoa. Asante kwa kusema.

#22 BintiRongai
Pole kaka. Na mimi naongeza sababu ya nne: dereva. Niliweka traka baada ya mafuta kupanda bila kazi kupanda. Usiku wa kwanza tu niliiona gari yangu iko Kitengela saa tano usiku, imesimama nje ya baa, halafu saa nane inahamisha nyumba ya mtu. Alikuwa anaikodisha. Springi zilikatika kwa mizigo ambayo sikuwahi kulipwa.

#23 AliyewahiKukusanya
Nilifanya kazi miaka minne na madalali wa mnada, mjini hapa. Sijisifu kwa kazi hiyo. Nilichokiona ni kwamba wengi tuliowafuata walikuwa wamezima simu. Aliyekwenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, akaeleza, mara nyingi alipangiwa upya. Aliyejificha ndiye tuliyepewa jina lake.

#24 NilinyanganywaMimi
Mimi sikuzima simu. Nilienda wiki mbili mapema, na barua ya bima mkononi. Walinipangia upya na wakaongeza ada juu ya deni. Sikatai ulichokiona, lakini usiweke wote kapu moja.

#25 AliyewahiKukusanya
Nimekusikia. Pole.

#26 Kamongo_Embakasi
Nembo mlangoni nayo kanjo (askari wa kaunti) wanaitafuta. Mimi nilibandika jina na simu pande zote mbili, nikasimamishwa Parklands, nikaulizwa kibali cha tangazo kwenye gari. Sikuwa nacho. Kata kibali kwanza ndiyo ubandike.

#27 MwenyeAssetNdogo
Mimi nina wazo la kichokozi: usinunue. Kuna watu wenye Probox za kukodi kwa siku. Mimi nalipa 3,000 kwa siku na mafuta yangu, siku nane kwa mwezi ambazo kazi ni nzito. Ni 24,000. Siku nyingine boda. Ikiharibika si yangu, bima si yangu, maegesho ya usiku si yangu.

#28 DerevaWaProbox
Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku watu wote wanahama, huipati kwa bei yoyote. Hiyo ndiyo siku ya pesa ya mtu wa usafi.

#29 MwenyeAssetNdogo
Hapo umenipata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nimewahi kukosa mara mbili.

#30 PovuSouthB
Kweli kabisa, mwisho wa mwezi tunafanya nyumba nne kwa siku. Ndiyo siku ninayoitaka gari.

@Mhasibu_Umoja, mtu aliniambia gari inapunguza kodi. Ni kweli?

#31 Mhasibu_Umoja
Inategemea unalipa kodi gani. Kama uko kwenye ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, ya biashara zenye mauzo ya kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, unalipa kwa mauzo yote na gharama hazikatwi. Gari haikupunguzii hata senti. Ukiwa kwenye kodi ya kawaida ya faida, gharama zinakatwa, ila risiti ziwe za eTIMS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi. Mafuta ya kituo kisichokupa risiti hiyo, ujue umeyalipia wewe. Halafu gari za mizigo, kuanzia vani, zina kodi yake ya mapema na ukaguzi wa kila mwaka. Weka kwenye bajeti.

#32 MamaWaDawa
Nimechelewa, lakini kuna jambo hamjagusa na linaua. Mnabeba dawa gani na wapi? Mimi nilikuwa na Probox, haina ukuta kati ya mizigo na watu. Asidi ya kusafisha choo na dawa ya klorini zilikuwa kwenye ndoo moja nyuma. Tulipopanda tuta la Donholm vifuniko vikalegea, zikachanganyika. Moshi wa manjano-kijani kwa mbali, harufu ya kuchoma pua. Msichana wangu mmoja alifungua mlango gari ikiwa bado inatembea. Tulilala hospitali ya Kenyatta usiku ule, wawili wakiwa kwenye oksijeni.

Sasa asidi inakaa kwenye kreti yake upande wa kulia, klorini upande wa kushoto, na kuna ubao uliofungwa kwa skrubu kati ya mizigo na viti. Gari yoyote utakayochukua, ubao huo weka kabla ya nembo.

#33 FundiKirinyagaRoad
Mama amesema kweli. NV200 ni rahisi kuwekewa ukuta kwa sababu nyuma ni sanduku lililonyooka. Fundi wa bodi anakupimia nusu siku.

#34 SaccoNiNyumbani
Kwa hiyo ni sacco?

#35 DerevaWaProbox
Ndugu yangu wewe hata ukiulizwa saa utasema sacco.

#36 PovuSouthB
Wadau, nimekaa na daftari jana usiku. Upper Hill nimemfuta kama nilivyoambiwa. Pesa ya sofa na nyumba peke yake, baada ya mishahara, inaniachia kitu kama 46,000 kwa mwezi mbaya. Awamu ya 41,000 siwezi. Ya 35,000 ningebaki na elfu kumi na moja ya mafuta na kila kitu, haitoshi. Ya sacco naiweza. Kwa hiyo yadi nimeiweka kando, natafuta NV200 iliyotumika hapa nchini, chini ya 900,000. Kuna moja Kahawa West, mwenyewe alikuwa anauza maji ya chupa. Naenda Jumamosi saa tatu asubuhi. Wadhamini nimepata wawili, nahitaji mmoja zaidi.

Sijui bado kama wale watatu waliangushwa na riba, wateja, bima au dereva. Mmoja wao nimempigia, akasema yote manne.

#37 FundiKirinyagaRoad
Kabla ya kwenda, tafuta rekodi ya gari ya NTSA (mamlaka ya usajili wa magari) kwa namba yake, kupitia eCitizen. Ukiona jina la benki liko pamoja na la muuzaji, deni bado liko. Usilipe hata shilingi ya kuweka nafasi.

Na kwa kuwa ilibeba maji, usiangalie injini kwanza. Inua zulia la nyuma, bonyeza bati kwa kidole gumba pale karibu na matairi. Nimewahi kufungua moja ya mtu wa usafi, bomba la mashine lilikuwa likidondosha maji machafu pale pale miezi tisa, kidole kikapita mpaka nje nikaona lami.

#38 PovuSouthB
Nimeandika. Unaweza kuja? Nitalipia muda wako na chai.

#39 FundiKirinyagaRoad
Nitakuja. Nikute stejini saa mbili na nusu. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hatujafika, nataka kuisikia ikiwa baridi.

#40 TenkiLaRuaka
Ukiichukua, nitakupa namba ya yule fundi wa Kariobangi wa vizuizi vya tenki. Na sakafu ipigwe trei ya alumini nzima kabla hujapakia ndoo ya kwanza.

#41 MgeniKutokaDar
Wakuu, hiyo trei bei gani huko? Nina kirikuu inavuja.